Nukta ya Chai

Sista wa zahanati alimsalimia Fundi kwanza. Mama Pasi aliliona hilo, akaliweka moyoni. Majuma tisa yalikuwa yamepita tangu kiharusi kimwangushe mumewe, na muda wote huo kila aliyeingia alimpa yeye mkono, kisha akauliza, "Na mgonjwa anaendeleaje?" hali mgonjwa mwenyewe yupo palepale kwenye kiti, kavaa shati lililopigwa pasi, anawatazama.

"Shikamoo baba," alisema Sista. Akachuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa. Akangoja.

Fundi alifungua mdomo. Midomo ilihangaika, shingo ikakaza. "Bado," alisema.

"Haya baba. Sina haraka."

Hilo ndilo neno pekee ambalo kiharusi kilimwachia. Umekula? Bado. Unasikia baridi? Bado. Kinyozi wa nyumba ya pili aliwahi kumuuliza mbele za watu, "Mzee, mke wa pili utaoa lini?" Fundi akajibu, "Bado," na waliokuwepo wakacheka hadi wakafuta machozi. Fundi naye alicheka, asije akawa peke yake asiyecheka. Tangu siku hiyo Mama Pasi hakumfungulia kinyozi mlango. Alimnyoa mumewe mwenyewe.

Sista alikuja kwa ajili ya kitanda cha joto. Kilikuwa ni kitanda cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati, mali ya zahanati, na tangu siku ile ya kiharusi kilikuwa kimelala wazi juu ya meza ya Fundi, nyaya zake nje kama utumbo.

"Kile tulichoazima kinarudishwa Ijumaa," alisema. "Alhamisi makao makuu wanamleta injinia akikague hiki. Akiandika kwamba hakitengenezeki, kinakwenda kwenye vyuma chakavu. Sisi tutabaki na mablanketi na chupa za maji ya moto."

"Mna watoto wangapi sasa?" aliuliza Mama Pasi.

"Wawili. Mmoja hajafika kilo moja na nusu." Sista alimgeukia Fundi. "Sikuja kukusumbua, baba. Nimekuja kukwambia kabla hawajaja, kwa sababu kazi ni yako."

Alipokuwa akitoka alimvuta Mama Pasi kando. "Mama, uwe unakaa kushoto kwake. Upande wa kulia vitu vinampotea. Jicho ni zima, ila kichwa hakilisikilizi."

Mama Pasi aliporudi ndani kiti kilikuwa kitupu. Fundi alikuwa amekwisha kufika kwenye mlango wa chumba chake cha kazi, bega limeegemea ukuta, mkono wa kushoto unahangaika na kitasa.

*

Miaka thelathini na moja Mama Pasi aliujua mlango huo kwa nje. Yeye alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi nguo za watu upande huu wa ukuta, redio ndogo ikimsemesha, na upande wa pili mumewe alitengeneza vifaa vya zahanati, vya shule na vya mashine za kusaga. Mtaani waliwaita Fyuzi na Mama Pasi. Yeye jina lake lilitokana na kazi, mumewe na mazoea yake: kifaa chochote kilichopita mikononi mwake alikiongezea fyuzi, hata kama waliokiunda hawakuiweka. Watu walimtania kwamba akipewa kijiko atakitia fyuzi.

Saa nne kila siku alimpelekea chai. Mwanzoni mwa ndoa aliwahi kuweka kikombe juu ya karatasi zake, akafokewa. "Usiweke kikombe juu ya mchoro! Hata siku moja!" Hakufokewa tena baada ya hapo, maana hakurudia. Tangu siku hiyo kikombe alikiweka sakafuni, karibu na mlango, akagonga mara mbili, akaondoka.

Sasa alivuta kibao, akakaa kushoto kwa mumewe kama alivyoelekezwa. Fundi aliuburuta mchoro mbele yake. Ulikuwa mpana kama foronya, umechorwa kwa penseli, umejaa mistari, na hapa na pale neno moja la mwandiko wake: fyuzi, kengele, kihisi joto. Kihisi cha zamani kiwandani hawakitengenezi tena. Alikuwa akiweka cha aina mpya, na kwa kuwa kipya hakiungwi kama cha zamani, ilibidi sehemu nzima aichore upya. Tena aliongeza kengele: waya wa kihisi ukikatika, ilie, mtoto asije akaungua huku mashine ikidhani bado ni baridi.

"Mimi hapa naona nyoka tu," alisema Mama Pasi.

Fundi aliweka kidole juu ya mstari uliokunjwakunjwa, kisha akagusa kidude chenye pete za rangi kwenye bodi ya kitanda. Mstari, kidude. Mstari, kidude.

"Aa. Huu mshono wa zigizaga ndio huyu. Hapa kuna rezista, umeandika." Alisogeza uso. "Na hapa mistari inapokatana? Mingine ina nukta, mingine haina."

Fundi alitafuta kwenye droo, akatoa vipande viwili vya uzi. Akavilaza kimoja juu ya kingine, msalaba, akagusa mahali pasipo na nukta. Kisha akampa mkewe nyuzi hizo na kumfanyia ishara ya kufunga. Mama Pasi alizifunga fundo. Fundi akaligusa fundo, akagusa nukta.

"Kwa hiyo penye nukta wamefungana. Pasipo nukta wanapitana tu, hawajuani."

"Bado!" alisema Fundi, na kichwa kilikuwa kinakubali kwa nguvu zote.

"Kama mimi na wewe na huu mlango," alitania Mama Pasi.

Utani ulikwenda mbali kuliko alivyotaka. Fundi aliutazama mlango, kisha akamtazama yeye.

*

Walifanya kazi mchana mzima wa Jumapili na Jumatatu yote. Mkono wa kushoto wa Fundi ulishika chuma cha kulehemu, mkono wa kulia wa Mama Pasi ukashika uzi wa risasi, wakapata fundi mmoja. Vitu vya moto havikumtisha. Alijua kwa pua tu kitu kinapokaribia kuungua, na Fundi alipoona anarudisha mkono kabla hajaonyeshwa, alitoa sauti ndogo kooni ambayo zamani ingekuwa sifa.

Nguo za watu zilikaa kwenye beseni. Redio haikuwashwa. Alistaajabu jioni ya Jumatatu alipogundua kwamba hakuikumbuka.

Binti yao alipiga simu kutoka mji anakofanya kazi.

"Mama, mmeshafikiria? Funga hicho chumba, upangishe, njooni kwangu. Utafua nguo za watu huku unamuuguza baba mpaka lini?"

"Tuna kazi hapa. Baba yako anatengeneza kitanda cha zahanati."

"Mama. Baba anatengeneza?"

"Msalimie mwenyewe." Akaweka simu kwenye sikio la Fundi.

"Shikamoo baba," ilisema simu. Fundi alikusanya nguvu. Midomo ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kusogea pale binti, ambaye alimpenda sana na hakujua la kufanya na ule ukimya, aliposema upesi, "Haya baba, ugua pole," akakata.

"Bado," Fundi aliiambia simu iliyokatika.

Mama Pasi aliichukua, akasema, "Mtandao wa siku hizi haufai kabisa." Fundi alijua kwamba mtandao hauna kosa, akamshukuru kwa kumfinya kidole.

*

Jumanne mchana walifika kona ya kulia ya mchoro.

"Hapa mstari wa umeme unakatana na huu unaotoka kwenye transista, hiki kidude cha miguu mitatu," alisema Mama Pasi. Siku hizi mbili alikuwa amezoea kusoma kwa sauti, kidole kikitembea. "Pana nukta."

"Bado?" Fundi aligeuza kichwa. Alipaona mahali pale kama mtu anavyoona kitu kilicho nyuma ya pazia. Nukta hakuiona. Lakini katika majuma haya tisa kulikuwa na vitu vingi asivyoviona, na vikawapo: kijiko, mlango, nusu ya sahani yake. Alikuwa ameacha kuyaamini macho yake.

"Ipo, naiona, nyeusi kabisa. Tuunge?"

Wakaunga. Fundi akawasha.

Rilei, swichi ya kuwasha na kukata joto, ililia tik. Kisha pakasikika mlio kama kokwa linalopasuka, moshi mwembamba ukapanda, harufu chungu ikajaa chumba. Fundi aling'oa plagi kwa mkono wa kushoto, haraka kama zamani. Fyuzi ya kioo ilikuwa imegeuka nyeusi. Kando yake transista imepasuka kati.

Fundi aliiangalia bodi. Aliuangalia mkono wake wa kulia uliolala mapajani kama kitu alichoachiwa na mtu amtunzie. Akaupiga. Akaupiga tena, na tena, kwa ngumi ya kushoto, mpaka Mama Pasi akamrukia na kuushika.

"Basi! Basi, mume wangu. Umekukosea nini?"

Kwa fikira za Fundi, aliyekosea ni yeye. Mchoro ameuchora yeye, na kazi imeungua kama mchoro unavyosema. Mkono na mdomo alikuwa amekwisha kuvizoea. Siku zote alikuwa akijiambia kwamba ufundi uko kichwani, na kichwa kimebaki. Sasa alijiuliza kama kimebaki.

Alitoka kwa kuegemea ukuta, akakigeuza kiti chake kikatazama ukutani, akakaa. Chakula alikiacha. Mama Pasi alimwita kwa kila jina alilowahi kumwita, hata lile la uchumba. Hakugeuka.

*

Jumatano asubuhi Mama Pasi alipiga pasi. Hapakuwa na lingine la kufanya, na wenye nguo walikuwa wamekwisha kulalamika. Aliwasha redio ili nyumba iwe na mtu anayesema.

Shati la nne lilikuwa la mwalimu. Juu ya mfuko palikuwa na kidoa kidogo, cheusi, duara. Penseli au chai? Alifanya kama afanyavyo dobi yeyote: akaligeuza shati ndani nje. Vumbi na penseli hukaa juu tu. Chai hupenya, ikatokea upande wa pili na pete ya kahawia.

Alikuwa ameliinua shati kwenye mwanga wa dirisha. Mikono ikamsimama hapohapo.

Aliisimamisha pasi wima, akaenda chumbani kwa mumewe, akautwaa mchoro, akaupindua. Mgongo wa karatasi ulikuwa mweupe wote. Nukta zote za penseli zilibaki mbele. Ila moja, kwenye kona ile, ilikuwa imepenya, na imejizungushia pete ya kahawia.

Akakumbuka. Asubuhi ile ya kiharusi aligonga mara mbili, na badala ya kikohozi alichozoea akasikia kiti kikianguka. Aliingia na kikombe mkononi. Ili apate mikono miwili ya kumwinua, alikitua kikombe mahali pa karibu, juu ya mchoro, kikadondosha tone. Katika miaka thelathini na moja, mara ya pili.

Alirudi akapiga magoti baina ya kiti na ukuta, ili Fundi asiwe na pengine pa kutazama.

"Sikiliza. Nukta ile si yako. Ni yangu." Alimwonyesha mgongo wa karatasi, kwa upande wa kushoto, karibu kabisa na macho. "Ni chai. Niliweka kikombe siku ile. Umenikataza, nikaweka. Mchoro wako hauna kosa lolote. Kichwa chako hakina kosa."

Fundi aliishika karatasi. Aliipindua mbele, akaipindua nyuma. Akalamba kidole, akagusa doa, akakiweka kidole ulimini. Mabega yakaanza kutikisika, na Mama Pasi alidhani analia, na kwa kweli alikuwa analia, lakini kilichotoka mdomoni kilikuwa kicheko.

"Sukari ipo?" aliuliza Mama Pasi, naye machozi yanamtoka.

"Bado!" alisema Fundi.

Walilikata lile fundo la uongo. Fyuzi iliyoungua ilikuwa imeilinda bodi yote isipokuwa transista ile moja, na fyuzi za akiba zilijaa kopo zima. Transista ya akiba haikuwepo. Fundi alitafuta kwenye kila droo. Kisha akaacha, akawa anasikiliza. Upande wa pili wa ukuta redio, yenye transista kama ile tumboni, ilikuwa ikisema na chumba kitupu.

Alimtazama mkewe, akainamisha kichwa. Asingemwomba.

Mama Pasi alikwenda akaizima. Aliifuta vumbi kwa pindo la kanga, kama mtu anayemuandaa mtoto kwa safari, akaileta na kuiweka mezani.

"Imenisemesha miaka mingi," alisema. "Mimi sikuwahi kuijibu. Ifungue."

*

Injinia alikuja Alhamisi na Sista, kijana nadhifu, fomu yake imejazwa nusu tangu njiani. Alimpa mkono Mama Pasi.

"Mzee anasikia?" aliuliza.

"Anasikia. Anaelewa pia."

"Nimeambiwa kitanda kiko wazi tangu agonjwe. Tusipoteze muda, nitaandika tu kwamba…" Akakiona kitanda. Kimefungwa, kimepanguswa, kinawaka taa ya kijani. "Nani amekifunga?"

"Muulize mwenye kazi. Huyo hapo."

Injinia hakumuuliza. Alitoa kipimajoto chake, akakilaza kwenye godoro, akakaa kwenye kibao. Alingoja dakika arobaini. Joto lilipanda, rilei ikasema tik, ikakata. Likashuka kidogo, tik, ikawasha. Namba haikuyumba. Mwishoni akauchomoa waya wa kihisi, kama anayemtega mtu. Kengele ililia kwa ukali hata Sista akaruka.

Injinia alifungua kifuniko na kuuomba mchoro. Aliusoma kwa muda mrefu, mdomo wazi kidogo, na kila alivyosoma uinjinia ulimpungua usoni akabaki kijana anayependa kazi yake. Kisha akasimama, akazunguka meza, akachuchumaa mbele ya Fundi. Alichuchumaa upande wa kulia, lakini alichuchumaa.

"Njoo huku," Sista alimwambia injinia taratibu. Akahama kushoto.

"Mzee, shikamoo. Fyuzi hii kwenye mchoro wa kiwandani haipo. Umeiweka wewe?"

Fundi aliweka kidole kifuani pake.

"Na hii nukta uliyoizungushia duara na msalaba, ni alama gani? Sijawahi kuiona."

"Hiyo ni chai," alisema Mama Pasi.

Injinia aliichana ile fomu. Alipiga picha ya mchoro, akasaidia kubeba kitanda mwenyewe. Mlangoni Mama Pasi alimuuliza kwa sauti ndogo kama watamletea Fundi kazi nyingine. Injinia alitazama viatu vyake.

"Mama, nisikudanganye. Kazi zote sasa zinakwenda karakana kuu. Hiki kilikuwa cha mwisho."

*

Jumamosi Sista alituma ujumbe: yule mdogo ameongezeka gramu ishirini, na kengele wameijaribu mara tatu kwa sababu wauguzi wanapenda kuisikia. Mama Pasi alimsomea mumewe mara mbili. Baada ya hapo hapakuwa na jambo la kusoma.

Binti alipiga, akauliza kama chumba kimesafishwa, maana amempata mpangaji. "Nitakuambia," alijibu Mama Pasi.

Fundi alikaa mbele ya meza tupu, mlango umefungwa. Mama Pasi alipiga pasi upande wake. Redio ilikuwa rafuni, tumbo wazi. Kwa mara ya kwanza alisikia jinsi nyumba yake ilivyo kimya: maji yakidondoka kwenye beseni, pasi ikiteleza, na nyuma ya ukuta kiti kikilia kila mtu mzito anapohema. Alipiga pasi shati moja. Alipiga la pili. Nguo kumi na nne zilikuwa zinangoja, na wenyewe watazifuata jioni.

Aliing'oa plagi. Alingoja pasi ipoe, akachukua kisu cha jikoni, akafungua skrubu mbili, akauvuta waya mmoja mpaka ukachomoka. Akafunga tena.

Saa nne alichemsha chai. Aligonga mara mbili, akaweka kikombe sakafuni karibu na mlango, lakini safari hii hakuondoka; aliingia na pasi mkononi.

"Pasi imeharibika," alisema. "Imekufa ghafla tu."

Fundi aliipokea kwa mkono wa kushoto. Aliigeuza kwenye mwanga. Skrubu zilikuwa zimechunwa, zinang'aa upya, kwa alama za kitu kisicho bisibisi. Alizitazama. Akautazama mkono wa mkewe, kidole gumba kimepata mchubuko na weusi wa grisi. Mama Pasi alitazama dirishani, kama vile kuna kitu nje.

Fundi alikivuta kibao kwa mguu, akakiweka kushoto kwake. Akatandaza karatasi mpya, nyeupe, akampa mkewe penseli. Mama Pasi alikaa.

Lakini Fundi hakuanza. Alinyoosha kidole kuelekea mlangoni, sakafuni, akakishikilia hapohapo mpaka Mama Pasi alipoinuka na kukileta kikombe. Alikuwa anatafuta pa kukiweka. Fundi alikichukua mkononi mwake, taratibu kisimwagike, akakituliza katikati ya karatasi.